Kifuniko cha Injini Huvuliwa kwa Mikono

Kabla hujaniuliza chochote, rudisha bisibisi kwenye sanduku. Najua umeshaishika. Kila kijana anayefungua boneti uani kwake akakutana na lile plastiki jeusi lililoifunika injini kama sinia juu ya sufuria, huanza kwa kutafuta skrubu. Asipoiona skrubu, hutafuta upenyo wa kuchomekea bisibisi. Sikulaumu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa ya ufundi mikononi nilipofanya hivyohivyo, tena mbele ya baba mkwe.

Naitwa Yona. Nilizaliwa Singida, nikaja Moshi kijana mbichi kufanya kazi kwenye shamba la miwa kule tambarare, ambako wengi wetu tulikuwa watu wa kuja na kila nyumba ilipika chakula cha kwao. Nilifanya kazi kwenye karakana ya shamba mpaka siku waliyonipa mkono wa kwaheri. Sasa naishi Rau, hapahapa Moshi, na mke wangu Anastazia, ambaye kwao ni Mwika, juu kule kwenye kahawa na migomba. Simu yangu hailali. Mtu anapiga akiwa amesimama mbele ya gari lake, nasikia hata kuku wake: "Shikamoo babu. Kuna kitu cheusi hapa juu ya injini, nakitoaje?" Nimelijibu swali hilo mpaka nimeona heri nikae chini niliandike, pamoja na yaliyonipata.

Trekta, wanangu, lina adabu. Kilichofungwa kimefungwa kwa kitu unachokiona. Boliti hii hapa, nati hii hapa, spana yake ni kumi na tisa. Ikigoma unaimwagia mafuta ya taa, unaenda kunywa chai, ukirudi unaigonga kwa nyundo mara mbili inafunguka. Chuma ukikigonga kinasikia. Bwana mkubwa wa karakana yetu alikuwa akisema fundi asiyejua kugonga akauze nyanya. Nikaamini hivyo, na nikawa mgongaji hodari kuliko wote. Ningegonga hadi nistaafu kama Mzee Gaspari asingeletewa gari.

Mzee Gaspari ndiye baba mkwe wangu, Mungu amrehemu. Mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache na kofia moja. Krismasi moja, mwanawe mkubwa alimletea kutoka Dar gari dogo la Kijapani, zuri, linang'aa. Krismasi mnajua ilivyo kule juu: walio Dar, Arusha na Mwanza wote wanapanda, kihamba kizima, yaani shamba la ukoo lenye nyumba zao, kinajaa watu na magari. Mimi pale nilikuwa mkwe wa tambarare, yule asiyejua hata kumenya ndizi za mtori bila kuchafua shati. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, nacho ni ufundi.

"Mkwe," Mzee Gaspari akaniambia baada ya misa, "hii injini inakoroma. Hebu itazame."

Watu wakasogea. Shemeji zangu, watoto wao, majirani wenye vibuyu vya mbege, pombe yao ya ndizi. Nikakunja mikono ya shati, nikafungua boneti, nikakutana na plastiki. Sikuwahi kuliona hata siku moja. Nikatafuta boliti, hakuna. Nikatafuta nati, hakuna. Kurudi nyuma nikasema sijui, mbele ya wale watu? Nikaingiza bisibisi pembeni, nikaipa nguvu.

Krak!

Ule mlio ninausikia mpaka leo. Mtu mwenye akili angesimama pale. Mimi nikajiambia kwamba ndivyo linavyofunguka, nikahamia pembe ya pili. Krak! Kosa la kwanza anaweza kulifanya yeyote. La pili lilikuwa kiburi changu mwenyewe. La tatu sikumbuki hata nililifanyaje. Kifuniko kikatoka mkononi mwangu kikiwa na ufa kama sahani iliyoanguka, masikio yake matatu yakabaki ndani ya injini. Mama mkwe aliingia jikoni haraka. Nilijua anaenda kuchekea huko, kwa heshima.

Anastazia akanivuta kando. "Nenda kakate isale," akaninong'oneza.

Kwa wale wasiojua, isale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba. Mchagga akimkosea mwenzake, hukata jani lake, akalifunga fundo, akampelekea. Aliyepelekewa isale hawezi kukufukuza, lazima akusikilize. Nikaenda mpakani, nikakata jani, nikalifunga fundo, nikarudi nalo nimelishika kwa mikono miwili mbele ya umati wote ule.

Mzee Gaspari akalitazama jani, akanitazama mimi. "Ulipokuja kumwoa binti yangu uliniletea mbuzi na mbege. Isale hujawahi kuniletea. Umenikosea nini?"

"Nimevunja kitu nisichokijua, baba, kwa kujifanya nakijua."

Akalipokea. Akalichomeka mfukoni mwa shati lake, na hakulitoa siku nzima, hata wakati wa kula nyama. "Haya," akasema. "Sasa nenda kakijue."

Hakupaza sauti. Lakini maneno hayo yalinishusha mlima na kunipandisha kitandani na kuniamsha asubuhi.

Mwalimu niliyempata hakuwa mzee mwenye mvi. Alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa miaka ishirini, anaitwa Anjela, ana kucha za rangi nyekundu, na kazi yake ilikuwa kuchinja magari mabovu na kuuza vipuri. Uani kwake kulikuwa na magari yamelala kama ng'ombe buchani: huyu hana milango, huyu hana uso. Mafundi wenzangu walimcheka kwamba hajui kutengeneza, anajua kuvunja tu. Hawakufikiria jambo moja. Mtu anayeuza vifuniko vizima hana ruhusa ya kuvunja hata kimoja.

Nikamwambia natafuta kifuniko cha aina fulani. Akanipeleka kwenye gari, akainama, mikono ikaingia, na kabla sijamaliza kukohoa kifuniko kilikuwa kifuani pake, kizima.

"Rudia," nikasema.

Akakibandika tena. Tok, tok, tok, tok. Akakivua.

"Rudia tena."

Akaniweka kifuniko mikononi. "Baba, umekuja kununua au kuangalia sinema? Njoo ufanye mwenyewe."

Akakigeuza juu chini akanionyesha siri yake, na mimi nawaonyesha ninyi. Chini ya kifuniko kuna mipira midogo, mara nyingi minne, kila mmoja una tundu. Kwenye injini kuna vichwa vya chuma vya mviringo kama gololi. Mpira umemeza kichwa, basi. Hakuna skrubu kwa sababu hakihitaji skrubu. Kinashikwa kama mtoto anavyoshika titi.

"Usivute plastiki," Anjela akaniambia. "Vuta mpira." Maana yake, kwanza papasa kwa vidole chini ya ukingo mpaka ujue mpira upo wapi, halafu weka vidole jirani kabisa na mpira ule, uinue moja kwa moja kwenda juu. Usivutie kwako wala pembeni, na usiinue katikati ya kifuniko, maana hapo ndipo kinapovunjika mgongo. Fungua pembe moja, nenda ya pili. Za mbele kwanza, za nyuma mwisho.

Nilipovuta mara ya kwanza alinipiga kofi mkononi. "Injini ya gari hili haijawaka miezi mitatu, plastiki imekauka. La mteja likitoka barabarani, litakuunguza. Subiri liwe vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Hapo mpira unalegea." Na nikaja kuyaona hayo Mwika mwezi wa saba, asubuhi ya baridi, plastiki linakuwa gumu kama biskuti. Liwashe gari dakika chache kwanza, kisha lizime.

Tena, si vyote vinafanana. Vingine vina boliti namba kumi mbili, zimejificha chini ya vumbi. Vingine mdomo wa kumiminia oili umepita katikati yake, inabidi ufungue mfuniko wa oili, uvue plastiki, halafu uurudishe mara moja mfuniko wa oili kabla hujadondosha kitu humo. Vingine vimebeba bomba la hewa mgongoni. Ndiyo maana nasema papasa kwanza. Usichokiona kwa macho, vidole vitakiona.

Pasaka nikapanda Mwika na kifuniko kizima nimekipakata kwenye kanga ya mke wangu. Nikakibandika kwenye gari la Mzee Gaspari, tok, tok, tok, tok, nikakivua, nikakibandika tena. Mzee akaangalia. Kila mgeni aliyeingia siku ile alipelekwa kwenye gari, na mimi nikaitwa. "Mkwe, hebu mwonyeshe." Nilikivua mara saba. Ya saba nilikuwa nimeshika mfupa wa mbuzi kwa meno. Sijawahi kupewa cheti kilichonipendeza kuliko siku ile.

Msidhani basi nikawa malaika. Kuna mchungaji mmoja nilimtengenezea gari, kesho yake akarudi ananiambia kuna nyenje ndani ya injini, anaimba akifika kwenye mashimo. Nikafungua. Mpira mmoja ulikuwa umebaki kwenye kichwa chake nilipovua, ukadondoka nisiuone, na plastiki lilikuwa likigonga chuma. Tangu hapo nikivua kifuniko nakigeuza na kuhesabu mipira kwa sauti, hata kama nipo peke yangu. Na wakati wa kurudisha naipaka maji ya sabuni kidogo ili iteleze. Oili usipake, inakula mpira.

Sasa niwaambie ya masika yaliyopita, ambayo hasa ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kwenye nyumba ndogo ya uani kwetu tuna mpangaji, binti wa Tarakea anaitwa Honorata. Ni daktari wa mifugo. Ana gari dogo linalovuta kwa magurudumu yote manne, na hilo ndilo miguu yake, maana ng'ombe wa huku wanafugwa ndani, vibandani, kila mmoja kwenye kihamba chake juu ya kilima chake. Kwa wiki kadhaa gari lile lilikuwa linatetemeka na taa ya injini inawaka. Fundi mmoja mjini alichomeka mashine yake, akaifuta taa, akasema liko safi. Siku ya tatu taa ikarudi. Nilimwambia Honorata alilete nilitazame. Akawa ananijibu, "Babu, pumzika." Alijua vidole vyangu. Vimekakamaa kwa ugonjwa wa viungo, asubuhi hata kifungo cha shati nafungiwa na Anastazia.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na bado inadondoka. Saa moja hivi nikamsikia anawasha. Gari likaguruma, likatetemeka kama mtu mwenye homa, likazima. Akawasha tena. Likazima. Nikatoka na mwavuli. Nilimkuta amevaa mabuti yake ya mpira, simu sikioni, sura imebadilika.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mama Flora wa Mwika. Ng'ombe wake anazaa. Mguu mmoja wa ndama umetoka tangu alfajiri, wa pili hauonekani. Umekunjika ndani. Nisipofika kuunyoosha, wanakufa wote wawili."

Mama Flora namfahamu, anakaa vihamba vitatu kutoka kwa Mzee Gaspari. Mjane, na wajukuu watatu wanamtegemea. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyokuwa yakiwalea.

"Una muda gani?"

"Saa mbili. Zikizidi sana, tatu."

Dereva wa teksi alikuwa ameshakataa kupanda barabara ile kwa mvua. Pikipiki ilishamwangusha na sanduku lake la dawa wiki mbili nyuma. "Fungua boneti," nikamwambia. Gari lilikuwa limewashwa kidogo tu. Lilikuwa vuguvugu, kama nilivyofundishwa. Na kifuniko kilikuwa pale, cheusi, kimetapakaa tope. Nikauliza kama fundi wa mjini alikivua.

"Hakugusa. Aliangalia mashine yake tu."

Nikainama. Vidole vyangu vikaingia chini ya ukingo, vikaupata mpira wa kwanza, vikajua kabisa la kufanya. Nikavuta, vikateleza. Nikavuta tena. Maumivu yakapanda mpaka kwenye kiwiko, na kifuniko hakikusogea hata unywele. Niliona aibu, wanangu, kuliko ile ya Krismasi. Ile ilikuwa ya kutojua. Hii, najua, lakini mikono imenikana.

Niliponyanyua kichwa, Honorata alikuwa ameshatoa bisibisi ndefu kwenye sanduku langu na anaichomeka pembeni.

"Acha!" Nilipiga kelele mpaka Anastazia akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Babu, hatuna muda!"

"Ndiyo maana nakuambia acha. Ukivunja, vipande vitadondokea ndani, tutavitafuta mpaka ng'ombe azikwe. Weka hiyo chini. Nipe mikono yako."

Akaitoa mikono, amenuna. Nikaishika kwa viganja vyangu nikaipeleka chini ya ukingo. "Papasa. Kuna uvimbe mgumu. Umeupata?"

"Huu?"

"Huo ni mpira. Vidole viwili huku, viwili huku. Usivutie kwako. Juu, kama unanyanyua kikombe kilichojaa."

Tok. Pembe ya kwanza. Akageuka akanitazama, uso umefunguka kidogo. Ya pili, tok, hiyo hata sikusema kitu. Akahamia nyuma. Ya tatu ikagoma. Akavuta, ikagoma. Nikamwona anapandisha mguu kwenye bampa ili aing'oe kwa mwili mzima.

"Honorata," nikasema, "ndama akikwama unafanyaje? Unavuta?"

"Hapana." Alijibu bila kufikiri, kama mtu anayejibu katekisimu. "Nikivuta namchana mama. Namrudisha ndani kidogo kwanza, namweka sawa, halafu ndiyo…"

Akashusha mguu. Akakibonyeza kifuniko chini, kwa upole, akakitikisa kushoto na kulia mpaka kikakaa sawa, halafu akainua.

Tok. Ya nne ikafuata yenyewe.

Akakishika kifuniko juu kwa mikono miwili, kizima, na mimi nikahesabu mipira kwa sauti, mmoja, miwili, mitatu, minne. Hapo ndipo panya aliporuka. Alitoka ndani ya injini, akapita juu ya buti la Honorata, akakatiza uani mbele ya Anastazia, ambaye alimrushia mwiko na kumkosa kwa hatua tatu. Daktari wa mifugo, anayeingiza mkono wake mzima ndani ya ng'ombe, alikuwa amepanda juu ya ndoo.

"Shuka," nikamwambia, "mgonjwa wako huyu hapa."

Chini ya kifuniko kulikuwa na nyumba. Majani makavu ya migomba yamesukwa vizuri, sponji la godoro, punje za mahindi na kokwa la parachichi. Panya alipata joto, giza na paa la plastiki, angetaka nini tena? Majani ya upande mmoja yalikuwa yameanza kuungua kingo. Siku moja, kwenye kilima kimoja, gari lile lingewaka moto na binti yule akiwa ndani yake. Na katikati ya kiota, waya mmoja wa koili ya tatu, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, ulikuwa umetafunwa mpaka umebaki uzi. Mashine ya mjini iliona kwamba kuna kinachouma, lakini haina vidole vya kuinua kifuniko.

"Fungua waya wa betri kwanza," nikasema. "Ule wenye alama ya kutoa. Kila mara. Hata ukiwa na haraka, hasa ukiwa na haraka."

Akaufungua. Akatoa kiota chote kwa mikono, akapuliza majani yaliyobaki mpaka la mwisho. Kuvua ganda la waya sikumfundisha. Alichukua kisu chake cha upasuaji akalizungushia mara moja, likatoka safi kuliko nilivyowahi kulitoa mimi maisha yangu yote. Akasokota shaba na shaba, akaizungushia tepu ya umeme, akarudisha waya wa betri.

"Kifuniko?"

"Kiache nyumbani leo, litaenda bila hicho. Jioni tutaunga waya upya kwa risasi, ndipo tukirudishe. Washa."

Aliingia. Anastazia alikuwa ameshika msalaba wa rozari yake. Ufunguo ukageuka.

Injini iliwaka mara moja, ikatulia. Ikanong'ona. Honorata akakanyaga mafuta, ikaitika, akaachia, ikatulia tena, na taa ikazimika. Anastazia akapiga vigelegele mvuani, na mimi, mzee mzima, niliruka. Naam, niliruka. Magoti yalinidai siku mbili.

"Panda, babu!" Honorata akapiga kelele. "Likizima njiani nitamuuliza nani?"

Halikuzima. Lami tuliimaliza upesi, tukaingia barabara ya tope, mvua inamwaga, maji ya mfereji yamevunja kingo. Gari lile, ambalo asubuhi lilishindwa kusimama mahali pamoja, lilipanda. Kwenye kona ya mwisho matairi yaliteleza tukakaa upande upande, nikamtaja mtakatifu ambaye hata si wa kanisa langu. Honorata akalegeza mafuta, akaunyoosha usukani, akakanyaga tena kidogo kidogo. Tukapita.

Mama Flora alikuwa bandani, amekishika kichwa cha ng'ombe mapajani. Ng'ombe alikuwa amelala, macho yamegeuka. Honorata akavua koti, akajipaka sabuni mpaka begani, akapiga magoti kwenye samadi.

"Babu, shika kamba. Asigeuze kichwa. Usivute mpaka nikuambie."

"Ndiyo, daktari," nikasema, na sikusema kwa utani.

Niliuona mkono wake ukiingia, na uso wake ukitazama ukutani pasipo kuona ukuta, maana kila alichokuwa akikiona alikiona kwa vidole. Mara midomo yake ikatulia. "Nimeupata." Akamsukuma ndama ndani. Mama Flora akaguna kwa hofu, lakini Honorata hakuharakisha. Akaukunjua mguu taratibu, akiifunika kwato kwa kiganja isimchane mama, na miguu ikawa miwili, na pua ikaonekana juu yake. "Sasa. Ng'ombe akisukuma, navuta. Akipumzika, napumzika."

Ndama alitoka kama maji. Jike, mweusi, na hakupumua. Honorata akamfuta pua na mdomo, akamsugua mbavu kwa majani makavu, hakuna kitu. Akachukua bua la nyasi akalichomeka puani. Sote tukainama.

Ndama akapiga chafya.

Mama Flora alianza kwa Kichagga, akaendelea kwa Kichagga, na nilichoelewa ni "aika, aika," yaani asante, mara zisizohesabika. Wajukuu wakaingia mbio. Mvua ilikuwa imepungua, na ng'ombe, yule tuliyedhani anakufa, alinyanyua shingo akaanza kumlamba mtoto wake kwa ulimi mrefu wenye sauti ya msasa. Ndama alijaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena miguu imetawanyika pande nne. Mara ya tatu akasimama.

Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Mmoja, mwanamume wa makamo mwenye koti la mvua, alikuwa amelizunguka gari letu kabla ya kuingia. Aliniona na mvi zangu na ovaroli langu la zamani, akaja moja kwa moja kwangu.

"Shikamoo fundi. Nasikia gari hili lilikufa asubuhi mkalifufua. Langu nalo linatetemeka hivyohivyo, lipo hapo nyuma tu, nimelizima sasa hivi. Utanitazamia?"

Nilifungua mdomo nijibu, kama nilivyojibu maisha yangu yote.

"Fungua boneti uliache lipoe," Honorata akasema kutoka chini kwenye samadi, mikono myekundu mpaka mabegani, bila hata kugeuka. "Nikishanawa nakuja."